Risala ya Wakulima na Wauzaji wa Viazi kwa Bunge la Kaunti ya Nakuru

Waheshimiwa Wawakilishi Wadi,

Sisi tunaolima viazi Molo, Kuresoi na Njoro, pamoja na wenzetu wanaoviuza mjini Nakuru, tunaleta risala hii mapema, makadirio ya bajeti yakiwa bado hayajapitishwa.

Kilio chetu ni kimoja: kazi inayolala ofisini huila hazina mara mbili. Mshahara unatoka, na ushuru hauingii.

Mama mmoja, mwenzetu, alikwenda ofisi moja ya umma kulipia kibali cha biashara, pesa akiwa nazo mkononi. Akaambiwa arudi Alhamisi, mwenye kuidhinisha yuko warshani Naivasha. Alhamisi mtandao ukagoma. Akalipa safari ya tatu. Siku zote hizo magunia yake manane yalikuwa juani kando ya kibanda, viazi vikageuka kijani, na viazi vya kijani hakuna mama atakayevipeleka jikoni. Alitupa matano. Ada ya kibali iliingia ikiwa imechelewa. Ushuru wa yale magunia matano haukuingia kabisa.

Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinasema mishahara na marupurupu visizidi asilimia 35 ya mapato yote. Mkutano wa kitaifa kuhusu mishahara ya umma uliofanyika Bomas Aprili 2024 uliweka mwaka 2028 kuwa ukomo wa kufikia kiwango hicho. Lakini waheshimiwa, mapato yakipungua, asilimia inayokwenda kwenye mishahara hupanda hata kama hakuna karani mpya aliyeajiriwa. Hapo barabara ya shambani ndiyo hukatwa kwenye bajeti. Lori likikwama matopeni mavuno huoza, na ushuru hupungua tena. Tunachoogopa ni kwamba pengo hilo la mapato litazibwa kwa kutupandishia ada sisi sisi.

Hatuombi mtu afutwe kazi. Watumishi wa umma ni watoto wetu, na mshahara wao ndio unaonunua viazi vyetu. Tena wako wauguzi wanaokesha na wodi nzima peke yao. Hao tungependa waongezewe wenzao.

Tunadai kila ofisi inayotoza ada ibandike mlangoni, kila mwezi, ni vibali vingapi viliombwa, vingapi vilitoka, na kwa siku ngapi. Afisa anayesafiri aache mwenye mamlaka ya kuweka sahihi. Mikataba ya utendakazi, ambayo serikali imekuwa nayo tangu 2004, isomwe hadharani katika wadi zetu. Mjue pia nani ameketi wapi na anafanya nini, ili waliorundikana ofisi za mjini wapelekwe kwenye upungufu. Na Mswada wa Fedha usiongeze hata shilingi moja ya ada ya soko kabla takwimu hizo hazijawekwa mezani kwenu.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 30 Juni. Yule mama mwenye magunia manane tumekuja naye. Mkimwita, ataeleza mwenyewe.

Ni sisi, wakulima na wauzaji wa viazi.