Klasi za Kujipangia Ni Uhuru wa Mwenye Bando

Sawa wasee, tangu Jumapili simu yangu haijapumzika. Nilitangaza kwamba mashindano yetu yajayo ya Call of Duty: Mobile hapa Eldoret yatachezwa na klasi za kupangiwa tu. Yaani wote mnaingia na bunduki zilezile na vifaa vilevile, hakuna cha kujiundia. Kufikia jioni timu tatu zilikuwa zimejitoa. Mmoja akaniandikia ati nimegeuza gemu kuwa yunifomu ya shule. Mwingine akasema mtu aliyeacha chuo hana haki ya kupangia watu klasi. Hiyo ya pili ilinichekesha, na nitairudia.

Kwanza niwaambie kilichotokea, kwa sababu wengi wenu mnaongea na hamkuwepo.

Mashindano ya mwisho tulifanyia kwa chumba kimoja cha gemu huko Langas. Kiingilio soo moja kwa kichwa. Kati ya waliokuja kulikuwa na kijana wa sekondari, mtoto wa mama mboga. Jina lake silitaji. Simu alikuwa ameazima kwa binamu yake, akaunti ameifungua wiki hiyohiyo. Lakini mkono wake, manze! Tukiwa tunapasha misuli nilimpa simu yangu na akaunti yangu acheze raundi mbili. Aliosha kila mtu mle ndani, mimi nikiwa wa kwanza. Kisha mashindano yakaanza, akarudi kwa simu yake na bunduki tupu, na akatolewa raundi ya kwanza. Bunduki ya mwenzake ilikuwa imetulia kama imewekwa juu ya meza. Yake ilikuwa inaruka juu kila akifyatua. Watu wakapiga kelele, "Ongeza skili, bro!" Na mimi niliyeshika maikrofoni nikacheka nao.

Hiyo ndiyo kitu inaniuma mpaka leo. Huyo kijana alilipa soo yake kama wengine, na mimi ndiye nilimwambia aje, tutaona nani mkali.

Najua mtasema simu pia ilichangia. Kweli, ilichangia. Simu siwezi kusawazisha, sina pesa ya kumnunulia kila mtu simu. Klasi naweza. Kitu unachoweza kusawazisha na hukisawazishi, hiyo ni yako.

Sasa tuongee kuhusu huu uhuru wenu. Tangu mwaka 2020, CODM ilipoleta Gunsmith, unaweza kufunga vifaa hadi vitano kwa bunduki moja: mtutu, kitako, lenzi, magazini na kadhalika. Tamu sana. Mimi mwenyewe nimekesha hapo nikibadilisha kifaa kimoja kimoja. Lakini vifaa hivyo havipo tu mezani vikikungoja. Unavifungua kwa kuitumia bunduki hiyo hadi ipande levo, mechi baada ya mechi. Na mechi ni bando. Mwenye WiFi nyumbani kule Kapsoya anapandisha bunduki akila chakula cha jioni. Mwenye kununua data ya saa moja anachagua: nipandishe bunduki ama nifanye asainmenti? Halafu kuna zile bunduki za kununua kwa pesa. Mnasema ni rangi tu, haziongezi nguvu ya risasi. Sawa, lakini baadhi zinakuja na shabaha safi zaidi kuliko ile ya kawaida, na mnalijua hilo, ndiyo maana mnazinunua.

Kwa hivyo mkisema "kila mtu ajipangie", nawauliza: ajipangie na nini? Kujipangia bila vitu vya kupanga ni kuonyeshwa menyu na huna nauli ya kufika hotelini.

Na msinidanganye kwamba gemu bila klasi za kujipangia ni gemu ya watoto. Call of Duty 4: Modern Warfare ya 2007 ndiyo ilifanya hii tabia ienee. Na hata hapo mchezaji mpya alianza na klasi za kupangiwa, mpaka afike levo ya 4 ndiyo ajiundie zake. Mwaka huohuo ikatoka Team Fortress 2: klasi tisa, kila moja na kazi yake, ukiona mtu kwa mbali unajua amebeba nini. Watu waliipenda hivyo. Baadaye, kuanzia 2008, wakaanza kuongeza silaha za kufungua, na 2010 wakafungua duka ndani ya gemu. Angalieni huo mpangilio: kwanza chaguo, halafu kaunta ya kulipia.

Battlefield 2042 nayo ilikuja 2021 ikatupa zile klasi za zamani, kila mtu abebe anachotaka. Mashabiki wenyewe wakalalamika mpaka mwanzoni mwa 2023 klasi zikarudishwa. Hao hawakuwa watu wa Langas wakilia bando. Walikuwa na mashine kali, lakini waliona kwamba kila mtu akibeba kila kitu, hakuna anayemhitaji mwenzake.

Mnataka mfano wa hapa kwetu? Sylvia Gathoni, QueenArrow, alisajiliwa na timu ya Marekani, XiT Gaming, mwaka 2018. Alitokea kwa Tekken. Kwenye Tekken unaweza kumvalisha mchezaji wako kofia ya ajabu, lakini ngumi yake ni ileile mikononi mwa kila mtu. Hakuna anayeweza kusema alibebwa na levo ya akaunti.

Na tukiwa hapa Eldoret, mji wa mabingwa, hii hoja tunapaswa kuielewa kuliko mtu yeyote. Kipchoge alipokimbia 1:59:40 kule Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, dunia nzima iligeuka kuangalia viatu. Mwezi wa Januari 2020 World Athletics wakaweka mpaka: soli isizidi milimita 40, na bamba gumu lisizidi moja ndani yake. Tena kiatu kiwe kinapatikana sokoni, si cha mtu mmoja peke yake. Kuna aliyesema riadha imegeuzwa yunifomu ya shule? Watu bado wanachagua kiatu, bado wanachagua mbinu, lakini tunajua tunapima miguu. Mimi nataka kupima mikono tu.

Hoja yenu moja naikubali. Mmesema kupanga klasi ni sehemu ya akili ya mchezo, kwamba anayejua bunduki gani inafaa ramani gani amefanya kazi yake. Ni kweli, na hiyo kazi naiheshimu. Ndiyo maana sikusema klasi za kujipangia zifutwe duniani. Chezeni nazo kila usiku. Na siku tukipata akaunti za mashindano zilizofunguliwa kila kitu kwa kila mchezaji, nitakuwa wa kwanza kusema jipangieni mpaka asubuhi. Lakini penye kiingilio na zawadi, siwezi kuuza tiketi ya mbio halafu wengine waanzie nusu ya njia.

Sasa ile ya chuo. Ndiyo, niliacha mwaka wa pili. Niliona kozi ni klasi ya kupangiwa, nikasema naenda kujipangia yangu. Mnajua nilichokuta nje? Waliokuwa wananiambia "acha shule ufuate ndoto" walikuwa na kamera tayari, laptopu tayari, na mzazi wa kulipa rent wakijaribu. Mimi nilirekodi video ya kwanza na simu yenye kioo kilichopasuka, nimeiegemeza kwa sufuria. Sijutii. Lakini usiniambie tulianza pamoja. Miaka miwili nimekuwa nikiambiwa niongeze skili na watu waliozaliwa vifaa vyote vitano vimeshafunguliwa. Halafu siku moja nikashika maikrofoni, nikamwambia mtoto wa mama mboga maneno yaleyale.

Kwa hivyo msimamo ni huu. Klasi tatu za kupangiwa, zote za silaha ambazo akaunti mpya inazipata mapema, bila kifaa hata kimoja. Scorestreak hakuna. Refa anakagua kila simu kabla ya mechi, yangu ikiwemo. Timu tatu zilizojitoa, kiingilio chenu nawarudishia leo, hakuna ubaya. Mkibadilisha mawazo, nafasi zenu nimeziweka hadi Ijumaa.

Yule kijana nilimfuata kwao nikamwomba msamaha. Mamake akanipa sukuma ya bure na maneno machache ambayo siwezi kuandika hapa. Kijana amesema atakuja. Nyinyi mnaojiita wakali, njooni mkutane naye bunduki tupu kwa bunduki tupu.