Birika la Bauhaus ni Sanaa, Chungu cha Katuruka ni Kigae?

Kuna kauli inayozunguka sana kwenye mijadala yetu, nami nimechoka nayo: eti picha dhahania ni mambo ya Ulaya, sisi huku sanaa yetu "ina kazi" na "ina maana". Inasemwa kama sifa. Mimi nasema ni kufuli. Ukishakubali kwamba kila mstari uliochorwa Bukoba lazima uwe alama ya kitu fulani au pambo la chombo fulani, umemnyima mchoraji wake haki ndogo kabisa: kuchora mstari kwa sababu mstari wenyewe umemvutia.

Tuanze na hao wa Ulaya. László Moholy-Nagy, Mhungaria aliyezaliwa 1895, alirudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza akahamia Berlin. Mwaka 1922 yeye na mkewe, Lucia Moholy, walianza kutengeneza fotogramu: unatandaza karatasi ya picha, unaweka vitu juu yake, unawasha taa, basi. Hakuna kamera. Kitu kilipofunika panabaki peupe, mwanga ulipopiga panakuwa peusi. Mwaka 1923 akaagiza picha zake za mistari na mistatili zitengenezwe kwenye kiwanda cha mabango ya enameli. Kiwanda cha mabango, jamani! Mwaka huohuo akaanza kufundisha chuo cha Bauhaus na kusimamia karakana ya vyuma, ambako Marianne Brandt alibuni birika mwaka 1924. Birika la chai. Leo limehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, na sijamsikia mtu akilikataa eti kwa sababu linamimina chai.

Sasa njooni Maruku. Pale Katuruka, wazee walisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe na uhunzi wake. Mwanaakiolojia Peter Schmidt alifuata masimulizi hayo, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 akachimba. Zilitoka dalili za ufuaji wa chuma wa takriban miaka 2,000 iliyopita, pamoja na vigae vya vyungu vya aina ya Urewe. Mtazame mfinyanzi wa Urewe anavyofanya kazi: ukingo umekatwa pembe kwa pembe, begani kuna mistari sambamba, mingine inakatana, na chini ya baadhi ya vyungu kuna kishimo kilichobonyezwa udongo ukiwa bado mbichi. Hakuna mnyama, hakuna mtu. Ni mstari, nafasi na mguso. Kile kishimo ni ndugu wa fotogramu: kitu kiligusa, kikaondoka, alama yake ikabaki.

Lakini tunauliza nini? Kwa Moholy-Nagy tunauliza aliona nini. Kwa mfinyanzi wa Katuruka tunauliza chungu kilipika nini.

Mtengano huu una historia. Mwaka 1936 jumba hilohilo la New York lilifungua maonyesho ya kubizimu na sanaa dhahania, na Moholy-Nagy alikuwemo. Mwaka huohuo, jarida la wanaanthropolojia la London lilichapisha makala ya R. D. H. Arundell kuhusu michoro ya mwambani wilayani Bukoba. Ukienda Bwanjai, kule Kiziba, utaona michoro ya aina hiyo: watu na ng'ombe kwa rangi nyekundu, waliopunguzwa na kupunguzwa hadi wakabaki mistari. Mwaka mmoja, droo mbili. Moja ikaandikwa "sanaa", nyingine "makabila". Sisi tumezirithi zote mbili bila hata kubadilisha maandishi.

Mtu atanijibu: mbona mwaka 1937 jumba hilo lilionyesha michoro ya mwambani? Kweli, zilikuwa nakala kutoka mkusanyiko wa Leo Frobenius. Lakini zilitundikwa ili kuonyesha kwamba wasanii wa kisasa wana mababu. Babu hualikwa harusini. Anayeoa ni mwingine.

Na wale wa upande wa pili, wanaopiga kifua kwamba "sisi ndio wa kwanza, Wazungu wametuibia", nao wanyamaze kidogo. Mfinyanzi wa Katuruka hakushindana na Berlin. Ukimsifu kwa kumtangulia Moholy-Nagy tu, bado Moholy-Nagy ndiye rula.

Ninachodai ni kidogo na ni kigumu: uhakiki. Tunaandika kurasa na kurasa kuhusu riwaya. Hebu tuandike kurasa mbili kuhusu kigae kimoja. Mkono ulianzia wapi? Kwa nini mistari imesimama pale, isishuke? Nafasi tupu inafanya kazi gani? Maneno ya wahakiki si ya mapambo. Lucia Moholy alikaa miaka mingi kivulini mwa mumewe kwa sababu walioandika waliandika jina moja. Na mchoro wa mwambani usiohesabiwa kuwa sanaa, siku ukifutika nani atapiga kelele?

Anayebisha abishe, lakini kwa hoja: anieleze ni kwa nini mstatili wa enameli ni fikra, na mstari wa begani mwa chungu ni mazoea.