Odio isiyo na mwenyewe

Mwezi wa Machi 1895, katika kijiji cha Ballyvadlea, jimbo la Tipperary huko Ayalandi, mshona nguo mmoja aitwaye Bridget Cleary, miaka 26, alichomwa moto na bwana yake ndani ya nyumba yao. Alikuwa ameugua siku chache tu. Mzee mmoja wa ukoo, aliyesifiwa kijijini kwa kujua hadithi za zamani, alimtazama kitandani akasema: huyu si Bridget.

Neno hilo lilitosha. Katika imani za kale za huko, kuna watu wa chini ya vilima ambao huiba mtu na kuacha mwingine anayefanana naye. Bwana yake Michael, fundi wa mapipa, pamoja na ndugu na majirani walimshika kwa nguvu, wakamnywesha dawa za majani, wakamwuliza mara nyingi kama kweli ni Bridget. Kesho yake usiku akachomwa. Michael alikwenda kungoja penye boma la zamani, akiamini mke wake wa kweli atatokea juu ya farasi mweupe. Hakutokea. Mahakama ilimpa kifungo cha miaka 20.

Daktari na padri walikuwa wameshapita pale. Na Bridget alikuwa na cherehani yake, kuku wake, pesa yake mwenyewe. (Mwanamke mwenye kakitu kake hakosi wa kumnung'unikia, popote duniani.)

Watu wa Kivu ya Kusini hawahitaji kufafanuliwa habari hii. Wanawajua wale waitwao bajakazi, wanaodai kuona mchawi kwa macho, na wanajua mama wazee waliouawa kwa sababu ya kidole chao. Tofauti ni mwendo. Kule Ballyvadlea neno lilitembea kwa miguu, na kila mtu alijua limetoka kinywani mwa nani. Leo odio ya dakika mbili inaingia WhatsApp asubuhi. Kabla ya jua la mchana imefika saiti nzima ya wakimbizi, na hakuna anayejua sauti ile ni ya nani.

Wapo wanaosema basi serikali ifunge mitandao. Wanakosea. Familia iliyokimbia vita inajua kwa odio hizohizo barabara gani inapitika na mtoto aliyepotea ameonekana wapi. Intaneti ilikatwa nchini kote baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, hata RFI ikanyamazishwa, na raia wakabaki na maneno ya njiani tu. Kuziba midomo yote ili kuzuia muongo mmoja ni kumsaidia muongo.

Waayalandi wenyewe hawakupiga marufuku hadithi zao. Kati ya 1937 na 1939, wanafunzi wa shule za msingi walitumwa kwa wazee kuziandika katika madaftari: watu wa vilimani, mwanamke anayelia usiku kabla ya kifo, dawa za majani, yote. Lakini mara nyingi mtoto aliandika pia jina la aliyesimulia, na pengine umri wake na mahali anapokaa. Hadithi ikawa na mwenyewe. Leo mtu yeyote anaweza kuzisoma kwenye intaneti bila kumwogopa jirani yake.

WhatsApp nayo huonyesha alama ya mishale miwili kwa ujumbe uliotumwa tena mara nyingi. Wengi huiona na kuipita. Odio inayomtaja mama fulani kuwa mchawi, yenye mishale miwili na isiyo na jina la msemaji, haifai kutoka kwenye simu iliyoipokea. Msimamizi wa grupu ana namba zote. Anaweza kuuliza aliyeileta ameitoa kwa nani, na kuifuta palepale, hata kabla ya kumwita mkubwa wa saiti. Yule mama anayetajwa, mara nyingi, hana simu.