Urubani wa Milimani: Ujuzi Usiotumiwa Hupotea

Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ni nchi ya migongo ya vilima na mabonde. Vilima vyake vingi vimepita kimo cha mita 1,500. Rubani wa ndege ndogo ya binafsi aliyefunzwa pwani hana budi kujifunza upya afikapo huku.

Na tufanye hesabu. Kwa kipimo sanifu cha angahewa, halijoto katika kimo cha mita 1,500 ni nyuzi 5 za Selsiasi. Mchana joto likifika nyuzi 27, limezidi kipimo kwa nyuzi 22. Kila nyuzi ya ziada ni sawa na kuipandisha ndege mita 36 hivi. Basi ndege hiyo hufanya kazi kana kwamba iko mita 2,300, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa sehemu moja ya tano. Injini ya kawaida hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia.

Tena kuna upepo. Uvukapo mgongo wa kilima, hushuka kwa nguvu upande wa demani na kuivuta ndege chini. Kwa hiyo rubani hufundishwa kuukabili mgongo kwa mshazari wa nyuzi 45, akiwa juu yake kwa mita 300 au zaidi, ili aweze kugeuka upesi akielekea bondeni.

Hatari hii si ya wanagenzi peke yao. Tarehe 5 Juni 2018, ndege ya abiria iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, nchini Kenya. Watu wote 10 walifariki.

Katika nchi nyingi sheria humtaka rubani awe ameruka na kutua mara tatu katika siku 90 kabla ya kuchukua abiria. Sharti hilo ni jema, lakini laweza kutimizwa lote katika uwanda tambarare. Kwa maoni yetu, anayekusudia kuruka milimani apaswa kwanza kurudia mazoezi huko huko pamoja na mwalimu, hasa zoezi la kugeuza ndege na kurudi hali ya hewa ichafukapo.

Nanyi walimu wa fizikia, wapeni wanafunzi kipimajoto na hesabu hiyo. Watafahamu kwa nini kilima wanachokiona kila siku humtaka rubani ajiandae upya.