MGONJWA HAKWENDA HOSPITALI KUVUNJIKA NYONGA



Mama yangu mzazi alilazwa hospitali kwa maradhi ya mapafu. Siku ya nne homa ilikwisha shuka, kifua kimefunguka, nasi nyumbani tumekwisha kumtandikia kitanda chake. Usiku wa siku hiyo aliinuka kwenda msalani peke yake, akateleza, na alfajiri tukaitwa kuambiwa kuwa nyonga imevunjika. Aliingia kwa miguu yake, akatoka amebebwa. Hospitali yenyewe sitaitaja, kwani sikukusudia kumshitaki mtu. Na lililompata mama huwapata wengi, hata katika nchi zenye mali nyingi. Marekani hukadiriwa kuwa wagonjwa baina ya 700,000 na 1,000,000 huanguka mahospitalini kila mwaka.

Waliokuja kututazama walituambia neno moja: "Ndiyo kadari." Nami nimeiamini kadari tangu nilipokuwa chuoni na ubao wangu mkononi. Walakini mimi ni mwenye duka. Naamini kuwa riziki yatoka kwa Mola, na kila usiku naufunga mlango kwa makufuli mawili, wala hajapata kutokea mtu akanambia kuwa makufuli yale ni upungufu wa imani. Basi mbona tukifika mlango wa wodi twataka kadari ifanye kazi ya taa ya msalani?

Mgonjwa haanguki ovyo ovyo. Wengi huanguka katika kwenda msalani au kurudi, khasa usiku. Huyu amepewa dawa ya kukojoza, yule dawa ya kuteremsha presha, wa tatu dawa ya usingizi. Wote watatu huinuka gizani na kichwa kikiwazunguka. Mtu mzima akilala siku chache tu nguvu za mapaja humpungua, na yeye mwenyewe hajui mpaka asimame. Kitanda kirefu kuliko cha nyumbani, mpira wa dripu mkononi, sakafu imepigwa deki sasa hivi. Na hapa nikiri lililo langu. Ndara alizovaa mama usiku ule nilimpelekea mimi kutoka dukani: nyepesi, pana kuliko mguu wake, nyayo laini kama sahani. Nilizichagua zile kwa kuwa zilikaa sana haziuziki.

Wengi wakiulizwa dawa yake watasema: vitanda vitiwe vyuma vya ubavuni, mgonjwa azuiliwe asiinuke. Rai hii yataka kupimwa. Mgonjwa aliyechanganyikiwa huvipanda vyuma vile, akaanguka kutoka juu zaidi. Na mzee anayezuiwa kutembea hudhoofika, akaja kuangukia nyumbani. Wala vifaa peke yake havikutosha kwa wenye uwezo wa kuvinunua. Australia yalifanywa majaribio katika wodi 24 za hospitali sita, khabari zake zikatangazwa mwaka 2016. Nusu ya wodi hizo zilipewa vibao vya tahadhari, vitanda vya kushuka chini, kengele za kitandani na mengineyo, na ilipofanywa hesabu walioanguka hawakupungua.

Lililofaa lilikuwa jepesi kuliko hayo. Katika miji ya Boston na New York, wodi 14 zilijaribu jambo ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2020, kwa hesabu ya wagonjwa zaidi ya 37,000. Muuguzi hukaa na mgonjwa na jamaa zake, wakajaza pamoja karatasi yenye picha: umepata kuanguka kabla ya leo? Una mpira wa dawa mkononi? Watembea kwa mkongojo? Na mbele ya khatari yake hutiwa alama ya lile la kufanya, kisha karatasi huwekwa hapo hapo kitandani, kila apitaye aione. Walioanguka walipungua kwa 15 katika kila 100, na walioumia kwa kuanguka kwa 34 katika kila 100. Sisemi kuwa kuanguka kulikwisha. Lakini mwenye duka akipunguziwa theluthi ya hasara yake haikatai kwa kuwa hakupunguziwa yote.

Mimi naona siri yake ni kuwa mgonjwa aliambiwa. Mama hakuambiwa. Hakuambiwa kuwa dawa ile itamwamsha usiku, wala kuwa akae kwanza ukingoni mwa kitanda mpaka kichwa kitulie ndipo asimame. Na mtu wa umri wake huona haya kumwita mtoto wa watu ampeleke msalani. Haya hiyo haimtoki ila akiambiwa mapema, kwa heshima, kuwa kuita si kusumbua. Dada yangu alikuwapo mchana kutwa, na jioni akatolewa pamoja na wageni wengine. Wauguzi siwalaumu. Muuguzi mmoja mwenye wodi nzima usiku hawezi kusimama penye kila kitanda, na kwa ajili hiyo hiyo ndipo ilipokuwa haja ya kumwacha dada yangu alale pale mkekani.

Basi wajumbe wetu wa Baraza la Wawakilishi waulize: wagonjwa wangapi walianguka mwaka uliopita katika kila hospitali ya visiwa hivi, na wangapi walivunjika? Kama hesabu haikuandikwa, ianze kuandikwa. Waombe jamaa mmoja aruhusiwe kulala na mzee wake, naye afundishwe namna ya kumwinua. Taa ya njia ya msalani iwake usiku kucha. Ukuta wa msalani utiwe kishikio. Wakijibiwa kuwa fedha hakuna, waulize bei ya karatasi moja ya Kiswahili yenye picha.

Na sisi tusingoje jibu. Anayekwenda kumtazama mgonjwa, pamoja na machungwa yake, amchukulie miwani na mkongojo aviweke mkono unapofika, na amuulize muuguzi dawa gani humlevya. Ndara za aina ile nimeziondoa dukani. Viatu vya kufunga nyuma, vyenye nyayo za kushika, vipo, na anayempelekea mgonjwa atavipata kwa bei niliyonunulia.