Fyuzi Ikiungua Mara Mbili, Usiilaumu Fyuzi

Najua nimeadimika hapa kwa wiki kadhaa. Kazi ilinizidi, na nilipopata nafasi nikapewa kazi nyingine isiyo na malipo: kutengeneza mashine ya kukausha nguo iliyoko Minnesota, Marekani, nami nimeketi kitandani Nairobi.

Waliosomea kompyuta wanaijua taabu hii. Ukishapata shahada, jamaa zako huamini umesomea kila kitu chenye waya. Redio ya babu, simu ya shangazi, pasi ya jirani, vyote huletwa kwako. Basi Januari dadangu mkubwa akanipigia saa nne usiku. Kwake ilikuwa saa saba mchana.

"Ndugu yangu, mashine inazunguka lakini nguo zinatoka na maji. Wewe si ndiye uliyesomea mambo haya?"

"Mimi nilisomea programu, dada."

"Hii nayo ina programu. Ina vitufe."

Sikuwa na jibu. Sisi huku tuna kamba, vibanio na jua. Kwake, mwezi huo, nguo ukizianika nje huganda zikawa ngumu kama mabati, na ana watoto wawili wa shule. Mashine yake hutumia gesi kupasha hewa moto, na umeme kuzungusha pipa.

Nikamuuliza historia, kama ninavyomuuliza mtu yeyote anayeniletea hitilafu. Kumbe mwezi wa Desemba iligoma vivyo hivyo. Fundi alikuja, akapima, akakuta fyuzi ya joto imeungua, akaweka mpya, akalipwa, akaenda zake. Wiki tatu baadaye, yale yale. Sasa jirani yake, mtu mwema kabisa, alikuwa amemshauri asipoteze pesa tena: atoe ile fyuzi na kuunganisha nyaya mbili moja kwa moja. "Atakuja kuniunganishia leo jioni," dada akasema.

Hapo ndipo usingizi uliponiruka, na ndiyo sababu ya makala haya. Maoni yangu ni haya: fyuzi iliyoungua ni ujumbe. Anayeibadilisha bila kuuliza kwa nini iliungua hajatengeneza kitu. Na anayeunganisha nyaya ameichana barua kabla ya kuisoma.

Tuangalie kwanza mashine inavyofanya kazi, maana bila hivyo tutakuwa tunabahatisha. Mota huzungusha pipa lenye nguo, na mota hiyo hiyo huzungusha feni. Feni huvuta hewa kupitia mahali moto wa gesi unapowaka, hewa ikapita kwenye nguo, ikapita kwenye kichujio, kisha ikasukumwa nje ya nyumba kupitia bomba. Moto wenyewe huwashwa kwa hatua. Kwanza kiwashio hupata umeme kikawa chekundu kwa joto. Kando yake kuna kihisi kinachosubiri joto hilo. Kikiridhika, swichi yake hufunguka, koili za vali ya gesi hufungua njia, na gesi huwaka. Themostati hukata moto hewa ikifika kiwango fulani na kuurudisha ikipoa.

Fyuzi ya joto hukaa karibu na njia ya hewa. Si kama fyuzi ya plagi inayolinda dhidi ya umeme mwingi. Hii hulinda dhidi ya joto. Nyingi hukatika kwenye nyuzijoto 90 hivi za Selsiasi, na ikikatika hairudi. Katika mashine nyingine hukata moto tu, pipa likaendelea kuzunguka. Katika nyingine huzima kila kitu.

Sasa jiulize: mashine yenye themostati ya kudhibiti joto imefikaje mahali pa kukata fyuzi? Mara nyingi jibu ni kwamba hewa haitoki. Moto unawaka, feni inasukuma, lakini bomba limeziba, na joto linabaki ndani. Kuna mtu ataniambia fyuzi nayo huzeeka. Ni kweli, moja ikifa baada ya miaka kumi siwezi kubisha. Lakini mbili ndani ya wiki tatu? Huo si uzee.

Nikamwambia dada tufanye jaribio lisilohitaji kufungua hata skrubu moja. Kwa kuwa pipa na feni bado vinazunguka, awashe mashine, avae koti, atoke nje hadi pale bomba linapotokea ukutani, kwenye kile kifuniko kidogo kinachopepea, aweke mkono. Hewa inapaswa kusukuma kifuniko kikafunguka vizuri na uisikie kwa nguvu mkononi.

Alirudi anatetemeka kwa baridi. "Hakuna kitu. Kifuniko kimejaa vitu kama pamba, na barafu juu yake."

Basi, tatizo tulikuwa tumelipata, na hatukuwa tumetumia hata mita. Nikamwambia aizime mashine, aitoe plagi, na afunge vali ya gesi iliyo nyuma yake (mpini ukikaa kukingama na bomba, imefungwa). Fundi mwenye leseni ya gesi alikuja siku iliyofuata akaivuta mashine taratibu. Nyuma yake kulikuwa na bomba la karatasi laini ya fedha, lililobanwa na ukuta hadi likapindika kama goti, na ndani limejaa vumbi la nyuzi za nguo. Akaweka bomba gumu la chuma la inchi 4, fupi na lenye kona chache, akasafisha kifuniko cha nje, akabadilisha fyuzi, akarudisha gesi na kupima viungo kwa maji ya sabuni. Mpaka ninapoandika haya fyuzi hiyo haijaungua.

Kama jirani angefika kwanza, mashine ingefanya kazi jioni ile ile. Dada angemshukuru sana. Na bomba lingebaki limeziba, moto ukiwaka, vumbi kavu likisubiri cheche. U.S. Fire Administration, idara ya serikali ya Marekani inayohusika na masuala ya moto, ilikadiria kwamba kati ya 2008 na 2010 mashine za kukausha nguo majumbani, za gesi na za umeme, zilileta mioto kama 2,900 kila mwaka, na kila mwaka watu 5 walikufa na 100 wakajeruhiwa. Sababu iliyoongoza ilikuwa kutosafisha, asilimia 34. Tena mashine ya gesi ina hatari ya pili: moshi wa gesi iliyoungua hutoka kupitia bomba hilo hilo. Likiziba, hewa ya kaboni monoksaidi inaweza kurudi ndani ya nyumba, na hiyo haina rangi wala harufu. Ndiyo maana nilimsihi dada anunue king'ora cha kaboni monoksaidi, hata baada ya bomba kutengenezwa.

Kwa wale walio huko ng'ambo, au wenye ndugu huko, haya ndiyo ninayoyapendekeza, kuanzia rahisi hadi gumu:

1. Hakikisha hukuchagua mzunguko wa hewa baridi, na kwamba vali ya gesi iko wazi. Usicheke. Nusu ya hitilafu ninazoletewa kazini ni za namna hii.

2. Safisha kichujio kila mara unapokausha. Kama unatumia vile vitambaa vya kulainisha nguo, mwagia kichujio maji. Yakituama juu yake bila kupita, kioshe kwa sabuni na brashi laini.

3. Jaribu hewa ya nje kwa mkono kama dada alivyofanya. Bomba lote lisafishwe angalau mara moja kwa mwaka, na lisiwe la plastiki.

4. Kama hewa iko sawa na moto hauwaki, tazama kiwashio. Kisipowaka kabisa, shuku kiwashio chenyewe, fyuzi au themostati. Kikiwaka bila kuzima na gesi haiji, shuku kihisi. Kikiwaka, kikazima, na moto usitokee, shuku koili za vali. Dalili maarufu ya koili zilizochoka ni mashine kuwaka vizuri mara ya kwanza, kisha ikikwisha kupata joto inakataa kuwaka tena.

5. Upimaji wa mita ufanywe plagi ikiwa imetolewa. Kiwashio usikishike kwa vidole, huvunjika upesi. Kazi ya bomba la gesi mwachie mwenye leseni.

6. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Toa watu nje, kisha piga simu ukiwa mbali na nyumba.

Msidhani ninamcheka yule jirani. Mimi nimewahi kuunganisha nyaya. Katika kazi yangu ya kwanza tulikuwa na seva iliyojaa kumbukumbu na kukwama kila baada ya siku mbili. Sikutafuta sababu. Niliandika programu ndogo ya kuizima na kuiwasha kila siku saa tisa usiku, na bosi akanisifu. Miezi mitatu ikapita kwa amani. Halafu mwisho wa mwezi mmoja kazi ya kuingiza malipo ikachelewa kuanza, saa tisa ikafika, programu yangu ikaizima seva malipo yakiwa katikati. Wateja wengine wakatozwa mara mbili. Siku nne nilikaa ofisini nikirekebisha hesabu kwa mkono, na hitilafu ya kwanza ilikuwa bado ipo pale pale, mstari mmoja tu wa programu.

Waswahili walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na hesabu za watu, nikashukuru hazikuwa roho za watu. Kwenye gesi huenda usipate nafasi ya kurekebisha kwa mkono.

Kwa hiyo ukimwita fundi, iwe wa mashine, gari au kompyuta, na akuambie "nimebadilisha hiki, sasa iko sawa", muulize swali moja kabla ya kulipa: kiliharibika kwa nini? Fundi mzuri atakuonyesha. Yule wa Desemba hakuulizwa, naye hakujisumbua.

Dada naye ameniahidi malipo. Anasema tanuri yake ya mikrowevu ina mlio wa ajabu, nayo pia ina vitufe.