Tuache Minong'ono
Wahenga walinena: mficha maradhi kifo humwumbua. Hapa kwetu Meru, na kwa jirani zetu Embu, mama akipatikana na saratani ya matiti, watu hunong'ona, eti karogwa! Mimi napinga kabisa. Ugonjwa huu haurogwi, na ukitibiwa mapema wengi hupona. Shangazi yangu alipopewa habari hiyo alilia, kisha akaenda kliniki na bintiye, aliyeandika kila jibu la daktari: Imeenea wapi? Ni upasuaji ama kemo? Hofu ikapungua. Siku hizi hata hospitali za rufaa za Meru na Embu hutoa kemo, si Nairobi pekee. Jamani, tuwasindikize mama zetu, tusiwanong'one!